Gati la Bandari, Soko la Halmashauri: Kagunga na Swali la Madaraka

Msafiri anayeshuka Kagunga kwa boti akitokea Kigoma hupita kwenye mikono ya mamlaka nyingi kabla hajaagiza chai. Njiani ameambaa na fukwe za Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, iliyo chini ya TANAPA. Gati la Kagunga limejengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Anayekagua hati yake ya kusafiria ni ofisa wa Uhamiaji, mtu wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ushuru wa forodha ni kazi ya TRA. Dagaa na migebuka wana sheria yao ya uvuvi na waziri wao. Soko la mpakani ni la Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Na chini ya yote hayo kuna kijiji, chenye mwenyekiti, mtendaji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuingia na kusema.

Burundi iko hapo hapo kaskazini.

Mhadhara huu unauliza jambo moja kuhusu mpangilio huo: mzigo unapoanguka, nani anaubeba, na nani mwenye fedha za kuubebea? Wasomi wa Marekani wamelijadili swali hilo kwa zaidi ya karne moja, wakiligawa kati ya Washington, majimbo na miji. Tanzania haina majimbo ya aina hiyo. Ina Muungano wa serikali mbili, na serikali za mitaa hazimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ndiyo maana Manispaa ya Kigoma/Ujiji na mabaraza ya miji ya Unguja yanatawaliwa na sheria tofauti. Lakini swali lenyewe ni lile lile, na mwaka 2015 liliulizwa Kagunga kwa ukali ambao vitabu havina.

Aprili 25 ya mwaka huo, chama cha CNDD-FDD kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu wa urais wa Burundi. Bujumbura ikawaka. Mei 13, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliokuwa ukiujadili mgogoro huo huo, majenerali walitangaza kumpindua, wakashindwa. Wakati huo wananchi wa kusini mwa Burundi walikuwa wameshaanza kushuka kuelekea ziwani na kuvuka kwa miguu na kwa mitumbwi. Kagunga ilikuwa na wakazi wapatao 11,000. Katikati ya Mei maofisa wa uhamiaji walikadiria kwamba Warundi zaidi ya 50,000 walikuwa wamelala ufukweni. Makadirio yalipanda na kushuka siku hadi siku, kwa kuwa kuhesabu watu wanaofika usiku kwa mitumbwi si sawa na kuhesabu walioitwa majina kambini.

Anayeijua Kagunga anajua kwa nini ilikuwa mtego. Nyuma ni ukuta wa milima, mbele ni maji, na ufukwe wenyewe ni mwembamba. Barabara ya gari haikuwepo. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa, na chombo kikubwa kilichoitwa kuokoa kilikuwa Mv Liemba, meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Kila safari ilibeba watu wapatao 600. Meli haikuweza kutia nanga ukingoni, hivyo wazee, wajawazito na watoto walipelekwa kwayo kwa mitumbwi na boti ndogo. Kigoma walipokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Kipindupindu kilifika kabla meli haijamaliza kazi. Hadi wiki ya tatu ya Mei, wagonjwa walikuwa karibu 3,000 na waliofariki 31, wawili kati yao Watanzania.

Kwa sheria, hakuna utata. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamweka mkimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na UNHCR ni mshirika wa wizara hiyo. Mwenyeji ni dola. Ila siku za mwanzo dola lilikuwa Dar es Salaam na UNHCR ilikuwa ng'ambo ya milima. Vyoo vilivyojaa vilikuwa vya kijiji. Maji yaliyochotwa yalikuwa ya kijiji. Kuni zilikatwa kwenye miteremko ya kijiji, na waliokuwa wakiuza samaki asubuhi ndio waliokuwa wakiuguza wageni jioni. Zahanati na vituo vya afya, kwa mgawanyo wa kazi wa Tanzania, ni mali ya halmashauri, na dawa zake hupangwa kwa idadi ya wakazi, si kwa idadi ya waliokimbia vita. Hakuna kijiji nchini chenye kasma ya wakimbizi.

Hapa inafaa kuvuka bahari kidogo.

Katiba ya Marekani ya 1787 haiutaji mji popote kama ngazi ya serikali. Inazungumza na taifa na majimbo. New York na Chicago kwa Katiba hiyo hazipo. Mwaka 1868 Jaji John F. Dillon wa Mahakama Kuu ya jimbo la Iowa aliliweka jambo hilo wazi: mji una mamlaka yale tu uliyopewa na jimbo, na pakiwa na shaka, mji ndio unaoshindwa. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaenda mbali zaidi. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limeumeza mji wa Allegheny ndani ya Pittsburgh huku wakazi wengi wa Allegheny wakipinga, na mahakama ikasema jimbo lina haki ya kuupanua mji, kuupunguza au kuufuta kabisa. Yapo majimbo yaliyolegeza kamba, Missouri ikitangulia mwaka 1875 kwa kuiruhusu St. Louis ijiandikie hati yake ya utawala. Kamba yenyewe haikukatwa.

Tanzania, tofauti na Marekani, imeziandika serikali za mitaa ndani ya Katiba. Ibara ya 145 inaagiza ziwepo, Ibara ya 146 inasema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba diwani wa Kigoma ana nguvu kuliko mwenzake wa Texas. Kuna mfano mmoja unaoipima hoja hiyo vizuri, kwa sababu Kigoma-Ujiji na jiji moja la Texas ziliwahi kukaa kwenye orodha moja.

Aprili 2016, Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, ule unaoitwa kwa kifupi OGP, ulichagua serikali 15 za ngazi ya chini duniani kuwa za majaribio. Zilikuwemo Paris, Seoul, kaunti ya Elgeyo Marakwet ya Kenya, Austin ya Texas na Kigoma-Ujiji. Kwa mji ulio mwisho wa reli, reli iliyofika hapo mwaka 1914, kuitwa pamoja na Paris halikuwa jambo dogo. Baraza la madiwani lilikuwa mikononi mwa ACT-Wazalendo, serikali kuu ikiwa ya CCM, na baraza hilo lilijifunga kwa ahadi za uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa kwenye OGP. Manispaa haikuwa na mahali pa kusimama peke yake. Ushiriki wake ukafa pamoja na wa taifa.

Austin nayo ilivutwa mkono mwaka huo huo, kwa jambo jingine. Baraza la jiji lilitaka madereva wa Uber na Lyft wachukuliwe alama za vidole. Mei 2016 kampuni hizo zilipeleka suala kwenye kura ya wakazi, zikashindwa, zikaondoka mjini. Mwaka mmoja baadaye bunge la Texas lilipitisha sheria iliyofuta kanuni za miji yote kuhusu biashara hiyo, na magari yakarudi Austin bila alama za vidole. Kura ya wakazi haikuwa na uzito mbele ya jimbo.

Kwa hiyo miji yote miwili ilinyamazishwa kutoka juu. Tofauti ni kilichobaki siku ya pili yake. Austin ilibaki na kodi ya majengo, ambayo baraza la jiji lenyewe hupanga kiwango chake. Texas imeibana kodi hiyo tangu 2019 kwa kuweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwaka, na wakazi huitwa kupiga kura ukomo ukivukwa, lakini fedha zinaingia mfuko wa jiji. Kodi ya majengo Tanzania ilianza kuhamishiwa TRA kwa halmashauri nyingi mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Njia hiyo ni rahisi, na mwenye nyumba wa Ujiji hasumbuliwi na foleni. Anachokosa ni sababu ya kumfuata diwani na kumuuliza kodi yake imefanya nini, kwa kuwa diwani hakuitoza.

Hapo ndipo ulipo msimamo wa mhadhara huu. Nguvu ya mji au halmashauri haipimwi kwa kutajwa kwenye Katiba. Inapimwa kwa fedha ambazo inaweza kuzitoza na kuzitumia bila kuomba, na kwa mtu inayeweza kumwajiri na kumfukuza. Kwa vipimo hivyo viwili, halmashauri ya Tanzania ni dhaifu. Mkurugenzi wake huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, ambao si sehemu ya halmashauri lakini sauti zao husikika kwenye kila kikao, nao huteuliwa na Rais. Mishahara ya walimu na wauguzi hutoka Hazina. Katika halmashauri za vijijini mapato ya ndani ni sehemu ndogo ya bajeti.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na haikuwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, za miji zikafuata, na kazi zao zikapewa maofisa wa mikoa na wilaya. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Kilichokwenda ni watumishi wa serikali kuu. Taka zilijaa mijini, mitaro ikaziba, na milipuko ya kipindupindu ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawa miongoni mwa sababu za kurudisha mabaraza ya miji mwaka 1978. Sheria za 1982 zikarudisha halmashauri za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984, na mwaka huo huo Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia.

Ugonjwa uliorudisha halmashauri ndio ulioikuta halmashauri ya Kigoma mikono mitupu mwaka 2015.

Kati ya mwaka 1984 na 2015 kulikuwa na kipindi cha matumaini. Sera ya 1998 ilileta ugatuaji wa madaraka, ule uliojulikana kama D by D, na kuanzia mwaka 2004 ruzuku zikaanza kugawanywa kwa vigezo vinavyojulikana badala ya hisani. Lakini miaka ile ile vyanzo vya halmashauri vilianza kukatwa. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 na wananchi wakashangilia, kwa haki, maana ilikusanywa kwa kukamatana njiani. Ila pengo lake likazibwa na Hazina, na mkono wa Hazina una masharti. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara. Mkulima alipumua. Halmashauri ilipungukiwa.

Kisha zikaja wakala. TARURA ilichukua barabara za halmashauri mwaka 2017. RUWASA ilichukua maji ya vijijini mwaka 2019. Si haki kusema kila kilichochukuliwa kilikuwa kikifanya kazi vizuri. Mhandisi mmoja wa wilaya asiye na gari hakuwa dawa ya kalavati lililokatika, na wakala wenye wahandisi na bajeti ya kitaifa una faida zake. Hata Dar es Salaam ilipovunjiwa baraza lake la jiji mwaka 1996 na kuwekwa chini ya Tume ya Charles Keenja hadi mwaka 2000, wengi waliona jiji likisafishwa na mapato yakipanda. Walioteuliwa wanaweza kufanya kazi nzuri.

Wanaweza pia kukosea bila mtu wa kuwauliza. Flint, mji wa Michigan wenye watu wapatao 100,000, uliwekwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, ulihamishiwa kwenye maji ya Mto Flint. Maji hayo yalikula mabomba ya zamani, na risasi ikaingia kwenye vikombe vya watoto. Wakazi walilalamika mapema. Madiwani wao hawakuwa na mamlaka ya kuamua. Dar es Salaam, kwa upande wake, ilivunjiwa baraza la jiji tena Februari 2021, safari hii hadhi ya jiji ikipewa Ilala.

Kenya ilijaribu kulikata fundo hili kwa Katiba ya 2010: kaunti 47, magavana wa kuchaguliwa, na si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwenda kwao. Hata hivyo Februari 2020 gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alitia saini Ikulu kukabidhi kazi muhimu za kaunti kwa serikali ya taifa, na jiji likaendeshwa na shirika lililoongozwa na jenerali wa jeshi hadi mwaka 2022. Nakuru ilitangazwa jiji Desemba 2021, lakini haina meya wa kuchaguliwa. Ina bodi iliyo chini ya kaunti. Ugatuzi wa Kenya umefika kaunti ukapumzika hapo.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unalijua jambo hili, la mamlaka iliyo mbali na mzigo ulio karibu, kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Mwinyi Kheri, kiongozi wa wafanyabiashara wa Ujiji, alipeperusha bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa mbali kwa safari ya miezi, huku akilazimika kuishi kwa masikilizano na watawala wa Bujiji waliokuwa jirani. Bendera ilitoka pwani. Chakula na amani vilitoka kwa majirani.

Leo masikilizano yanahusu mambo mengine. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa ziwa ili samaki wazaliane, hatua iliyofuata makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Sababu ilikuwa ya kweli, kwani samaki walikuwa wamepungua. Lakini angalia mzigo ulikoangukia: makubaliano yalifikiwa na mataifa, mvuvi wa Kagunga akavuta mtumbwi mchangani, na halmashauri ikakosa ushuru wa samaki kwa miezi mitatu huku zahanati zake zikiendelea kuhitaji dawa.

Marekani ina desturi moja inayofaa kuigwa hapa na nyingine ya kuogopwa. Ya kuogopwa ni agizo lisilo na fedha: serikali ya juu inaamua, ya chini inalipa. Miji ya huko imelipigia kelele kwa miongo mingi hadi Bunge likapitisha sheria ya kulidhibiti mwaka 1995, sheria yenye matundu lakini angalau inalazimisha gharama ikadiriwe kabla ya kura. Ya kuigwa ni mgawo wa mapato wa Rais Nixon wa mwaka 1972, uliopeleka fedha za taifa hadi kwenye miji midogo kabisa kwa fomula na kwa masharti machache, mpaka ulipofutwa mwaka 1986 nakisi ya bajeti ilipozidi.

Kwa Kagunga, mambo hayo mawili yanaweza kuwa vifungu viwili katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982. Cha kwanza kingesema kwamba taifa linapofungua mpaka kwa wakimbizi, au linapofunga ziwa kwa wavuvi, halmashauri husika inalipwa fidia kwa fomula iliyoandikwa kabla ya tukio, na sehemu yake inafika kijijini kwa siku, si kwa mwaka wa fedha. Kufungua mpaka ni uamuzi wa heshima ambao Tanzania imeufanya tangu enzi za Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972. Gharama yake si ya Kagunga peke yake. Kifungu cha pili kingehusu gati na soko. Mfanyabiashara wa mawese anayevusha madumu kwenda Burundi anatumia vyote viwili kwa safari moja, na kilicho sahihi ni sehemu ya tozo ya gati ibaki wilayani, kama inavyobaki ya soko, na hesabu za yote mawili zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kukutana walau kila miezi mitatu.